Jenereta la Uani

Vijana wa leo wakilisikia neno mgao, akili zao huenda moja kwa moja kwenye umeme. Sisi wa rika langu tulilijua neno hilo kwanza kwa sukari. Ilikuwa baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zimekauka, Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kuvunjika tangu 1977, na bei ya mafuta katika soko la dunia imepanda kwa mara ya pili. Sukari, sabuni, unga, khanga na hata betri za tochi vilipatikana kwa zamu katika duka la kaya. Mjumbe wa nyumba kumi alijua kila kaya ina watu wangapi. Ukapanga foleni, ukapewa kilo yako, ukaenda zako. Ilikuwa adha, sikatai. Lakini neno lilikuwa na maana yake halisi, yaani kidogo kilichopo kinagawanywa, na mwalimu mkuu alisimama nyuma ya mpagazi wa stesheni kama alivyosimama mtu mwingine yeyote.

Miaka kumi hivi baadaye neno lile lile likahamia kwenye umeme, na lilipohama likageuka maana. Katika mgao wa sukari mtu alitangaziwa siku ya kupata. Katika mgao wa umeme alitangaziwa siku ya kukosa. Sijui kama wataalamu wetu wa lugha wamelitazama jambo hili, lakini kwa mtu aliyefundisha Kiswahili na Sayansi kwa karibu miaka arobaini halikosi kumkera.

Nataka katika kurasa hizi nieleze jinsi ilivyotokea kwamba mimi, mwalimu mstaafu mkazi wa Morogoro, mkoa ambao maji yake huwasha taa za Dar es Salaam, nilijikuta nikinunua mtambo wangu mwenyewe wa kufua umeme na kuufunga kwa mnyororo uani kama mbwa. Habari yenyewe ni ndogo. Ila nimeona kwamba ukilivuta jenereta dogo la nyumbani kwa kamba yake, historia nzima ya nchi hutoka nyuma yake pamoja na moshi.

Umeme katika nchi zetu haukuanza kama kitu cha umma. Ulianza kama fahari ya mkubwa. Kule Unguja, Sultan Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na nyumba hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ya kwanza mjini kuwa na taa za umeme. Jina lake, nyumba ya maajabu, halikuwa la bure. (Sehemu ya jengo hilo ilianguka mwezi Desemba mwaka 2020, jambo lililowahuzunisha wengi.) Huku bara Wajerumani waliweka mtambo wa kwanza wa umeme Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa walimokaa wao. Waingereza walipoichukua nchi wakaunda idara ya serikali ya umeme mwaka 1920, na mwaka 1931 kazi hiyo ikakabidhiwa kampuni mbili za watu binafsi: DARESCO kwa Dar es Salaam na mwambao wa reli ya kati, na TANESCO kwa upande wa kaskazini, ambayo katika miaka ya thelathini ilijenga mitambo ya maji katika maporomoko ya Pangani. Serikali ya nchi huru ilinunua hisa mwaka 1964, na kampuni mbili zikawa moja.

Nazitaja tarehe hizi kwa sababu wengi hudhani kwamba zamani umeme ulikuwepo kwa wote, ukaja kuharibika. Hapana. Zamani wengi wetu hatukuwa nao kabisa, na asiye na kitu hakatiwi. Mimi nilizaliwa katika nyumba ya koroboi. Mama yangu alikuwa nayo chemli moja, nayo iliwashwa kwa mgeni au kwa mgonjwa tu. Karabai nililiona kwa mara ya kwanza harusini.

Umeme nimeishi nao kwa mara ya kwanza chuoni. Niliingia chuo cha ualimu mwaka 1970, na pale palikuwa na injini ya Lister katika kibanda cha mabati nyuma ya jiko. Iliwashwa saa kumi na mbili na nusu jioni, ikazimwa saa nne usiku. Mlinzi wa injini, mzee mmoja aliyekuwa na vidole vinane, alizizima taa na kuziwasha mara tatu dakika kumi kabla ya kuzima moja kwa moja, ili tujue kwamba muda umekaribia. Hizo dakika kumi zilikuwa za thamani kuliko saa tatu zilizotangulia. Sijaona tena wanafunzi wakiandika kwa kasi ile. Baada ya hapo waliobaki na hamu ya kusoma walirudi kwenye koroboi, na asubuhi ukiwapangusa pua kitambaa kinatoka cheusi.

Nilimwomba yule mzee anionyeshe injini, naye akakubali kwa sharti kwamba nisiguse kitu. Alinieleza mambo ambayo baadaye niliyafundisha kwa dinamo ya baiskeli mbele ya watoto wa darasa la sita: ukiizungusha sumaku karibu na waya uliosokotwa, umeme unatokea ndani ya waya. Ndilo jambo aliloligundua Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, na hadi leo bwawa kubwa kuliko yote na kijenereta cha kuvuta kwa kamba hufanya kazi hiyo hiyo moja. Tofauti ni nani anayezungusha: maji, mvuke, upepo, petroli au mguu wa mtoto.

Kwa sisi Watanzania, mzungushaji alikuwa maji. Baada ya uhuru yalifuatana mabwawa: Hale mwaka 1964, Nyumba ya Mungu mwishoni mwa miaka ya sitini, halafu Kidatu, katika mkoa wetu huu, ambalo lilianza kufua umeme mwaka 1975 na kufikia megawati 204 katika awamu ya pili. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilijengwa kwanza kama ghala la maji ya Kidatu. Mitambo yake yenyewe ya megawati 80 ilikuja mwaka 1988. Kidatu na Mtera yote mawili yanakunywa mto mmoja, Ruaha Mkuu. Hapo ndipo ulipo msiba, wala hauhitaji shahada kuuona. Mtu aliyetegemea kisima kimoja kwa ndoo mbili, kisima kikikauka ndoo zote mbili ni tupu.

Mto ulianza kupungua. Kule juu, katika bonde la Usangu, mashamba ya mpunga yalikuwa yameongezeka na mifugo imeongezeka, na tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto ambao vitabu vyetu vya Jiografia viliuita wa kudumu, ukawa unakatika kabisa kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mgao wa umeme ulikuja mwaka 1992, ukarudi 1994, ukarudi tena 1997. Mwaka 2006 ulikuwa mbaya kuliko yote ya nyuma, na katika mwaka huo na uliofuata wafugaji waliondolewa Usangu na ng'ombe wao ili maji yashuke. Wataalamu walibishana, na baadhi yao waliandika kwamba ng'ombe walisingiziwa, kwamba hesabu za kufungulia na kufungia maji pale Mtera zilikuwa na sehemu kubwa ya lawama. Mimi si mtaalamu wa maji. Nasema tu kwamba ukiwasha taa mjini ni vema ujue kuna mtu alihama kwa ajili yake.

Hata vyura walihama. Bwawa la Kihansi lilipoanza kazi mwaka 2000, maji yaliyokuwa yakirusha manyunyu kwenye korongo yakapelekwa kwenye mitambo, na vyura wadogo wanaopatikana hapo tu duniani wakaanza kufa. Wakachukuliwa mia kadhaa kwa ndege hadi Bronx, New York, wakalelewa huko, na wajukuu wao wakarudishwa Kihansi kuanzia mwaka 2012. Watu walicheka sana: chura amepata viza, sisi tumenyimwa. Ilikuwa mzaha mzuri, lakini kumbukeni kwamba watu wakicheka gizani mara nyingi wana hasira.

Hasira ilikuwa na sababu nyingine, maana dharura ni soko. Mwaka 1995 uliwekwa mkataba wa IPTL, mtambo wa mafuta mazito wa megawati 100 pale Tegeta, ambao mashauri yaliuchelewesha hata ukaanza kazi mwaka 2002. Mwaka 2006 ukaja mkataba wa dharura wa Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu kwa ajili yake. Haya yameandikwa mahali pengi kwa urefu, nami sina la kuongeza, isipokuwa hili: mikataba ile ilikuwa ya majenereta. Makubwa, ya kukodi, lakini majenereta. Nchi ilifanya kwa mabilioni kile ambacho kila mwenye duka la nyama alikuwa akikifanya kwa laki chache.

Wenzetu wa Unguja walionja zaidi. Umeme wao tangu mwaka 1980 ulitoka bara kwa waya mmoja wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwezi Mei mwaka 2008 waya ulikatika, kisiwa kikakaa gizani kwa karibu mwezi mzima. Wakarekebisha. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii ilikuwa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Mwalimu mwenzangu niliyesoma naye chuo, mtu wa Ng'ambo, aliniambia kwamba kero kubwa haikuwa giza. Ilikuwa maji, kwa kuwa maji ya mji husukumwa na pampu za umeme. Wanawake walibeba ndoo, na hoteli za pwani zikaunguruma usiku kucha kwa majenereta yao. Aliniambia pia jambo ambalo baadaye nililikuta katika utafiti wa mchumi Alfredo Burlando, kwamba miezi minane hadi kumi baada ya giza la 2008 watoto waliozaliwa waliongezeka. Rafiki yangu hakuhitaji utafiti. Yeye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na miaka sita baadaye madawati hayakutosha.

Sasa nifike nyumbani kwangu. Nilistaafu mwaka 2009. Mwaka 2011 mgao ulirudi, na mtaani kwetu kulikuwa na siku ambazo umeme ulikatika asubuhi ukarudi usiku wa manane tumelala. Kwa taa ningevumilia. Aliyesoma kwa koroboi hafi kwa giza. Lakini mke wangu alikuwa na kisukari, na tangu mwaka uliotangulia daktari alikuwa amemwanzishia sindano za insulini. Kichupa cha insulini ambacho hakijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kikifunguliwa huweza kukaa nje takriban wiki nne, mradi joto lisizidi sana. Sisi tulikuwa tukipewa vichupa vya miezi miwili kwa mara moja, kwa kuwa havikupatikana kila siku. Morogoro mwezi Novemba ni tanuri. Insulini iliyoharibika kwa joto haibadiliki harufu wala mara nyingi haibadiliki rangi. Unajichoma, unadhani umepata dawa, kumbe umejichoma maji.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa wazo la mke wangu mwenyewe. Alichukua mtungi mkubwa, akatia mchanga, akaweka ndani yake mtungi mdogo, akamwagia mchanga maji asubuhi na jioni, akafunika kwa kitambaa kibichi na kuuweka barazani penye upepo. Mama yake alikuwa akihifadhi mboga hivyo. Baadaye nilisoma kwamba mwalimu mmoja wa Nigeria kaskazini, Mohammed Bah Abba, alipewa tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza mitungi ya namna hiyo, nikafurahi kwamba mshindi alikuwa mtu wa kazi yangu. Mtungi huo ulikitosha kile kichupa kilichofunguliwa. Kwa vile vilivyofungwa haukutosha. Mtungi hupoza, haugandishi, na siku ya unyevunyevu kabla ya mvua haupozi sana.

Basi nikaamua kununua jenereta, nami nikalisomea kama nilivyokuwa nikiliandalia somo. Mwanangu aliyekuwa Dar es Salaam alitaka kunitumia kimoja cha vile vidogo vya Kichina, vya mipigo miwili, ambavyo unachanganya petroli na oili kwenye tangi. Vilikuwa vimejaa Kariakoo, bei yake ikiwa chini ya laki mbili. Nigeria wamevipa jina la utani lenye maana ya kwamba nimemzidi jirani yangu. Ni vizuri kwa taa, redio na televisheni. Kwa friji havifai, na sababu yake ni lazima ieleweke maana hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha. Friji ya kawaida ikiwa inakimbia hula pengine wati 100 au 150. Lakini ule mpigo wa kwanza, kompresa inapoamka, hutaka mara kadhaa ya kiasi hicho kwa nukta moja. Jenereta likishindwa kutoa, friji hutetemeka na kunguruma bila kuamka, na ikifanya hivyo mara nyingi kompresa huungua. Kwa hiyo usitazame friji inakula nini. Tazama inadai nini mlangoni.

Nilikwenda mwenyewe. Dukani kijana aliniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," akanionyesha mashine yenye kibandiko cha namba kubwa. Nikamwuliza hiyo namba ni ya nguvu ya kudumu au ya muda mfupi.

"Mzee, zote ni nguvu tu."

"Marahaba kwa salamu, lakini hapo umenidanganya," nikamwambia. Akacheka, akamwita mwenye duka. Mwenye duka alikuwa mtu anayejua kazi. Alifungua kitabu, akanionyesha kwamba namba kubwa ni ile inayoweza kutolewa kwa dakika chache, na chini yake, kwa herufi ndogo, ipo ya kudumu. Tukaelewana juu ya jenereta la mipigo minne la kilowati mbili za kudumu. Mipigo minne ni ghali zaidi, lakini oili yake iko mahali pake, haichanganywi na petroli, nalo lina kifaa cha kutuliza umeme usipande na kushuka. Injini za namna hiyo huzunguka mara 3,000 kwa dakika, ndipo umeme upate mizunguko 50 kwa nukta kama wa gridi. Injini ikichoka ikapungua mwendo, umeme nao hupungua, na vyombo huanza kuteseka. Nikalipa kwa sehemu ya kiinua mgongo. Sitataja bei, maana mke wangu aliyajua nusu tu na huenda akasoma kurasa hizi.

Ama kuhusu mafuta, mwezi Agosti mwaka huo huo wa 2011 mamlaka ya udhibiti ilishusha bei, petroli ikawa takriban shilingi 2,000 kwa lita, na wauzaji wakagoma kuuza kwa siku kadhaa. Umeme hakuna, petroli hakuna. Nilisimama foleni na dumu langu, na mbele yangu kulikuwa na mwenye bucha, mwenye saluni na mganga wa zahanati, na sote tulikuwa na dumu la rangi moja. Nilikumbuka duka la kaya. Lakini haikuwa sawa. Kule kila mmoja alipata kilo. Hapa mwenye fedha alijaza madumu matatu na kijana wa nyuma akaambiwa imekwisha.

Jenereta langu humaliza lita moja chini ya saa mbili likiwa na mzigo. Nilipiga hesabu: saa kumi na mbili kwa siku, siku nne kwa wiki, pensheni ya mwezi ingekwisha tarehe kumi. Nikamweleza mke wangu kwa kalamu na karatasi. Yeye aliitazama karatasi akauliza swali ambalo mimi, mwalimu wa Sayansi, sikutarajia litoke upande ule wa meza.

"Baba, friji ikizimwa na mlango haufunguliwi, baridi yake inakaa muda gani?"

Hukaa karibu saa nne. Zaidi ya hapo, ukiigandishia chupa za maji. Basi tukaacha kabisa wazo la kuliwasha kutwa. Aliamuru kwamba jenereta liwashwe saa moja asubuhi, saa moja mchana na saa moja na nusu jioni, mlango wa friji usifunguliwe na mtu yeyote ila yeye, na insulini ikae katikati, isiguse ubaridi wa juu, kwa sababu insulini ikiganda nayo imeharibika. Chupa tano za maji ziligandishwa juu. Kipimajoto nilichokuwa nacho tangu shuleni kilikaa humo. Kwa mpango huo hesabu ikashuka hadi chini ya theluthi, na kipimajoto hakikupita nyuzi tisa.

Lililobaki lilikuwa mahali pa kuliweka, nalo ndilo gumu kuliko yote. Sheria yake ni rahisi: nje, mbali na milango na madirisha. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, ambayo haina harufu wala rangi. Huingia damuni na kuchukua nafasi ya hewa safi; mtu huumwa kichwa, husinzia, hulala, basi. Kila mtu amesikia habari hiyo. Lakini nje kuna wezi, na jenereta ni kitu kinachobebwa na watu wawili. Ndiyo maana mtu mwenye akili zake timamu hulifungia ndani. Anamwogopa mwizi anayemjua kuliko gesi asiyoiona.

Katika mtaa wetu kijana mmoja kinyozi alifanya hivyo. Kibanda chake kilikuwa na mlango mmoja wa bati. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, akaliingiza jenereta ndani, akashusha mlango nusu, akaendelea kunyoa. Mteja wake alitoka akijikongoja, akatapika mfereji ulipo. Yeye alikutwa amekaa kwenye kiti chake cha kunyolea, mashine bado inanguruma mkononi. Nilikuwa nimemfundisha darasa la nne. Tulimbeba hadi barazani, tukampepea, gari likapatikana baada ya dakika ishirini. Hakurudi. Watu walisema ni presha, wengine wakasema mengine. Niliitwa kusema neno msibani, nikaeleza gesi ni nini, kwa lugha ya darasa la nne, mbele ya mama yake. Baadhi ya wazee walinung'unika kwamba si mahali pake. Ningelisema tena.

Jenereta langu limo katika kizimba cha nondo alichokichomelea fundi, hatua kumi na mbili kutoka ukutani, kina paa la bati na hakina kuta, na mnyororo umepita kwenye fremu. Waya mmoja mnene unaingia ndani na kuishia kwenye swichi ya kubadilishia: upande mmoja gridi, upande mwingine jenereta, katikati hakuna. Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka kunipunguzia gharama kwa waya wenye plagi pande zote mbili, uchomekwe ukutani tu. Ni hatari kubwa mara mbili. Ukiusahau kuzima swichi kuu, umeme wako hutoka nje, hupanda kwenye transfoma, na fundi aliyeko juu ya nguzo akiamini kwamba laini imekufa, anakufa yeye. Nilimpa nauli yake nikamwita mwingine.

Usiku wa kwanza lilipowashwa, kabla ya saa moja na nusu kwisha, watoto wa majirani walikuwa wamekaa barazani na madaftari. Ilikuwa wiki ya mitihani ya kidato cha nne. Hakuna aliyewaita. Simu kumi na moja zilichomekwa kwenye kebo moja. Baba mmoja wa jirani, mtu ninayemheshimu, hakumtuma mwanawe. Alikuja mwenyewe siku ya tatu, akanipa lita mbili za petroli katika chupa za maji, tusisemeshane sana juu yake. Wengine wakafuata. Tulikuwa na daftari: nani ameleta nini, taa inazimwa saa ngapi. Dakika kumi kabla ya kuzima nilikuwa nazizima taa na kuziwasha mara tatu. Hakuna mtoto aliyeuliza kwa nini. Wote waliinamisha vichwa wakaongeza kasi.

Mambo mengi yamebadilika tangu hapo. Mgao ulirudi mwaka 2022 na 2023, kisha Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji ukaanza kazi, na mwaka uliofuata yote tisa ilikuwa imekamilika, jumla megawati 2,115, zaidi ya mara kumi ya Kidatu. Sasa umeme ukikatika kwetu huwa ni nguzo imeanguka au transfoma imeungua, wala si kwamba mto umekauka. Baadhi ya wale watoto wa barazani wana paneli za jua kwenye paa zao, na mmoja ni fundi wa umeme katika wilaya jirani. Taa hizo hazina kelele wala hazihitaji dumu.

Jenereta bado limo kizimbani. Nalimwaga petroli ya zamani kila miezi miwili, kwa kuwa petroli iliyolala huganda kama gundi katika kabureta, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi mjukuu wangu huvuta kamba, linakimbia robo saa likiwa na mzigo wa friji. Mke wangu hutoka kutazama kama amefungua kizimba upande wa upepo. Kipimajoto cha shule kipo bado kwenye rafu ya katikati, namba zake zimeanza kufutika, na kila asubuhi kabla ya chai yeye hukisoma kwanza, kisha ndipo achukue sindano.